Chupa ya Saba ya Dawa ya Gari

Wiki iliyopita niliwaachia gereji, vijana wangu, nikakabidhi sanduku la spana. Nilizihesabu mbele yenu nyote, nikazihesabu tena, na mara zote mbili namba kumi haikuwemo. Hakuna aliyeshangaa. Namba kumi hupotea katika kila gereji duniani, na fundi anayejisifu kuwa hajawahi kuipoteza, huyo ndiye anayezichukua za wenziwe.

Kabla sijatoka mlangoni mmoja wenu aliniuliza: mzee, tuambie kweli sasa, dawa ya petroli inaifaa injini ama haiifai? Nikajibu kuwa nitaandika. Mkacheka, mkadhani nimekwepa kama kawaida yangu ninapoulizwa jambo na mtu asiyenunua kitu. Na kweli nilikwepa. Jibu la swali lile ni fupi, ningeweza kulisema huku nimesimama na kiatu kimoja mguuni. Lakini mimi jibu hilo nilikuwa nalo mfukoni kwa miaka mingi nikalinyamazia, na aliyelipia kimya changu hakuwa mimi. Kwa hiyo nitaanza mbali kidogo. Habari za vyeo sitaandika, kwani gereji yetu haikuwa na vyeo. Palikuwa na mwenye ufunguo wa stoo na wasiokuwa nao.

Nilianza kazi upande wa Kizimbani, katika banda walimokuwa wakitengeneza malori ya kubebea karafuu. Fundi wa pale alikuwa mzee Khatibu, mtu mfupi, mkimya, mwenye masikio makubwa yaliyomfaa sana kazini. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kopo la boliti zilizotoka kwenye injini moja, akanambia nihesabu. Nikahesabu, nikamwambia arubaini na moja. Akanambia nihesabu tena. Nikapata arubaini na mbili. Nilikuwa nimeikanyaga moja, imezama kwenye oili chini ya kandambili yangu.

"Sasa umejua," akasema. "Ukihesabu mara moja, umehesabu unachokitaka."

Huo ndio ulikuwa mkataba wangu wa kazi, hakuna mwengine niliopewa. Na mambo mengine mawili aliyonifunza yalikuwa ndugu wa hilo. La kwanza, muulize dereva mara mbili: mara ya mwanzo atakwambia anachotaka kiwe, ya pili, akishakunywa chai, atakwambia kilichokuwa. La pili, kabla hujashika spana, ishike rejeta. Ikiwa ya moto, kaa kitako usubiri ipoe, ndipo uufungue mfuniko uangalie maji. Dereva huongopa, mwenye gari huongopa, hata sindano ya joto kwenye deshibodi huongopa. Mfuniko wa rejeta bado sijauona ukisema uongo.

Palikuwa na lori moja pale lililokuwa likizima kila siku kwenye kilima kimoja, mahali pale pale karibu na kaburi la zamani. Likikaa robo saa linawaka, linakwenda zake. Dereva alishakata shauri kuwa pana jini mwenye pahala pake, akawa lori likizima pale anachoma ubani dirishani kabla ya kuliwasha tena. Ubani ukisaidia, kwa sababu akiuchoma alikuwa akisimama ile robo saa. Mzee Khatibu alimuuliza mara ya mwanzo, akaambiwa habari za kaburi. Akampa chai, akamuuliza mara ya pili, ikatoka kuwa lori huzima likiwa na petroli kidogo tu. Tukalishusha tangi, tukaligeuza. Ndani mlikuwa na jani la mkarafuu, jani moja. Petroli ikipungua na lori likiinamia nyuma kwenye kilima, jani hujibandika kwenye mdomo wa bomba. Injini ikizima, hudondoka. Dereva yule hakufurahi hata kidogo. Nadhani alipendelea kaburi.

Nimelieleza jani hilo kwa sababu ndani yake mna habari yote ya dawa za magari, lakini mimi sikuiona wakati ule. Niliona jani tu.

Baadaye tulihamia Mwanakwerekwe, kwenye banda hili mlilonikuta nalo. Mzee Khatibu akaja nami, macho yakamdhoofikia, akawa anakaa kwenye benchi la mlangoni akisikiliza injini za watu. Ni kipindi hicho ndipo chupa ndogo zilipoanza kuingia madukani. Zilikuwa na picha ya chui anakimbia, na maandishi ya lugha ambayo hata muuzaji aliishika chupa kichwa chini akisoma. Humiminwa katika tangi pamoja na petroli, wakasema, na injini inasafishika, inapata nguvu, inakula mafuta kidogo, inaishi sana. Watu hawakuhangaika kutafuta jina. Siku ya kwanza tu wakaiita dawa.

Nilikwenda dukani kuchukua katoni. Nikamwambia mwenye duka kuwa vifuniko vimechakaa. Akasema ni mpya zote. Nikasema basi zimezeeka zikiwa mpya, na hilo ni baya zaidi. Alipotaja bei yake nilicheka. Nilipotaja yangu alicheka yeye. Tulipomaliza kucheka katoni ilikuwa begani mwangu.

Mzee Khatibu aliisikia ikitua mezani, akauliza ni nini. Nikamwambia ni dawa ya petroli.

"Petroli inaumwa?"

Nikamwambia hapana, ni ya kuisafisha injini, mwenyewe unajua watu wanavyopenda kupewa kitu. Akaipapasa chupa moja, akaifungua, akainusa. Kisha akanirudishia kama mtu anayerudisha chenji pungufu.

"Kombe la aya hunywewa kwa nia, mwanangu," akasema. "Mgonjwa ana nia, ndiyo ikamfaa. Gari haina nia."

Tulicheka siku ile. Hata wateja waliokuwepo walicheka, na wawili wao wakanunua chupa. Mzee hakulisema tena jambo lile, na mwaka haukutimia akafariki, Mungu amrehemu. Nikaachiwa sanduku lake la spana. Namba kumi haikuwemo.

Nilifanya mtihani baada ya hapo. Sikufanya kwa ajili ya elimu. Nilifanya kwa sababu ya ubishi na mwenye duka, aliyekuwa akiniambia sijui ninachokiuza. Wakati huo nilikuwa na gari yangu kongwe ya kabureta. Nikaziba bomba la tangi, nikafunga chupa ya lita moja karibu na kabureta ili injini inywe humo tu. Msifanye hivyo nyinyi. Petroli na injini ya moto si ndugu wa kuwalaza chumba kimoja. Nikatoka hapa gerejini asubuhi kuelekea Tunguu, mwendo mmoja, dirisha limefungwa, mpaka gari ikazima yenyewe. Na lita ya petroli tupu ilizima mbele kidogo ya Jumbi, mkabala na muuza madafu. Kesho yake, saa ile ile, nikatia dawa. Ikampita muuza madafu, ikaenda kuzima kwenye ukuta wa skuli moja huko mbele.

Nilifurahi kama aliyeokota. Nilikuwa njiani kwenda kuchukua katoni mbili nyengine nilipoikumbuka ile boliti chini ya kandambili. Nimehesabu mara moja.

Nikarudia. Petroli tupu, siku ya tatu, ikaipita skuli, ikanipeleka mpaka kwenye mti wa shokishoki ambao sikuwahi kuufikia na chui. Siku ya nne, na dawa, ikazima kabla ya muuza madafu. Akawa ananipungia mkono kwa mbali, keshanizoea. Maana yake ni hii, na mwenye kalamu aiandike: tofauti kati ya petroli tupu ya siku moja na petroli tupu ya siku nyengine ilikuwa kubwa kuliko faida yote iliyoonyesha dawa. Upepo, matairi, ng'ombe barabarani, mguu wangu mwenyewe, kila kimoja katika hivyo kilikuwa na nguvu kuliko chui.

Ili niwe mwadilifu, nitawatajia na gari ya Bi Mize wa Kikwajuni. Gari yake ilikaa muda mrefu uani, mwenyewe yuko kwa mwanawe ng'ambo. Aliporudi ikawa inawaka kwa taabu, inakohoa. Nilimwaga petroli yote iliyooza, nikabadilisha chujio, nikatia chupa ya dawa ya kusafishia nozeli za kupulizia petroli, ya aina nzuri, si ya chui. Baada ya matangi mawili ikatulia. Bi Mize mpaka leo anaisifu dawa. Mimi nasema huenda. Nozeli zilizoshika uchafu zinaweza kusafishika kwa dawa, hilo sikatai. Lakini nilifanya mambo matatu kwa siku moja, kwa hiyo sijui ni lipi lililofanya kazi, na fundi anayedai kujua katika hali kama hiyo anaongeza chumvi.

Hapo nilipaswa kuacha. Nilishajua. Ila mteja, ukimwambia gari yake haina kitu, anaondoka na huzuni kama uliyemnyima. Ukimpa chupa anaondoka anaimba. Na aliye na ugonjwa wa kweli, ukimwambia injini ifunguliwe, gari ilale hapa siku nne, anakuchukia papo hapo; ukimpa chupa anakupenda mpaka mwisho wa mwezi. Nikajiambia haidhuru. Haiponyi, lakini haidhuru. Kwa nusu ya pili ya maneno hayo nimelala vizuri miaka mingi. Na nikajitungia na msemo wangu wa kuuzia, mnaukumbuka, mliusema nyote kwa sauti yangu nikiwa sipo: "Maliza dozi, halafu nione." Watu wakiupenda. Ulikuwa na sauti ya daktari.

Sasa nitamtaja Makame.

Makame ni kaka wa mke wangu, wa Makunduchi. Amenizidi miaka miwili. Kwa hiyo tangu nilipooa, mimi ndiye niliyekuwa nikimwamkia, naye akiitika kila mara, hata mbele ya shekhe, hata msibani: "Marahaba, mwizi wangu." Mwizi kwa sababu nimemwibia dada. Nami nikimwambia dada mwenyewe alinipa ufunguo. Huo ulikuwa utani wetu, haukuchakaa. Alifanya kazi ya bustani katika hoteli moja ya pwani ya kusini muda mrefu, akadunduliza, akanunua gari ya abiria ya milango ya kuteleza, akawa anawapeleka wageni wa hoteli ile ile uwanja wa ndege. Mkataba haukuandikwa. Uliwahi au hukuwahi. Dereva atakayemkosesha mgeni ndege yake mara moja, haitwi tena. Gari ile ilikuwa inalisha nyumba nzima, na ilikuwa inamsomesha binti yake chuo hapa mjini. Alikuwa akiitaja kwa neno "yeye", kama mtu.

Alikuja nayo msimu wa wageni umeanza. Aliiacha inanguruma pale nje, akasema asubuhi yeye huyu anawaka kwa tabu, anatetemeka dakika moja hivi, kisha anakaa sawa. Na nguvu zimepungua. Nilifungua boneti. Kichupa cha akiba ya maji kilikuwa chini ya mstari. Nikamuuliza kama anaongeza maji. Akasema kidogo kidogo.

Hapo ndipo pa kutazama, nyinyi mliobaki. Rejeta ilikuwa ya moto. Nilipaswa kuizima injini, kuagiza chai, kuuliza mara ya pili "kidogo kidogo" ni kiasi gani na kila baada ya siku ngapi, kisha kuufungua mfuniko na kuangalia kama maji yanatoa mapovu injini ikiwashwa. Saa moja, basi. Lakini alikuwa na wageni wa saa nane. Na mimi ndani ya roho yangu nilishahisi ni gasketi ya hedi, kizibio cha chini ya kichwa cha injini, inayovujisha maji ndani ya silinda gari inapolala, ndiyo maana ya kutetemeka asubuhi. Nilijua na maana yake: kufungua injini, kuipeleka hedi ikasawazishwe, kungoja gasketi ivuke kutoka Dar. Wiki nzima, katikati ya msimu. Sikutaka kuwa mimi wa kumwambia. Nikanyosha mkono rafuni.

"Mpe hii kila ukijaza tangi," nikamwambia.

"Ngapi?"

"Saba. Dawa gani umeiona isiyokuwa na hesabu ya witri? Maliza dozi, halafu nione."

Akacheka, akasema mwizi wangu siku hizi amekuwa tabibu. Akachukua saba. Nilizihesabu mara mbili nikimtilia kwenye mfuko.

Mimi nilikuwa nasema utani wa gerejini. Yeye ni mtu wa shamba, mwenye adabu na dawa. Kwao, na kwetu pia tukisema kweli, dawa ina hesabu yake na hesabu haikatwi njiani. Ukianza saba humalizi nne. Na mgonjwa akiwa ndani ya dawa ya mtu mmoja humpeleki kwa mwengine, ni kumvunjia heshima aliyekupa. Sikulifikiria hilo. Ningekuwa nauza nguo ningelifikiria, ningemjua mteja wangu.

Baada ya chupa ya nne alinipigia simu kusema yeye huyu amekuwa mwepesi. Nikamwambia unaona. Nia ilikuwa ikifanya kazi, lakini kwa Makame, si kwa gari.

Baada ya ya tano akapiga tena. Maji sasa yanakwenda kila siku, na asubuhi unatoka moshi mweupe, una utamu utamu puani. Fundi yeyote akisikia moshi mweupe mtamu anaacha chai yake mezani. Nikamwambia ailete niitazame.

"Bado mbili, shemegi," akasema. "Dozi haijesha."

Nami nikacheka.

Mengi katika kazi hii nimeyasahau, na mengine nimeyasahau kwa makusudi. Kicheko kile kimekataa. Ningesema maneno matano tu: zima gari, usiiwashe tena, nnakuja. Nilikuwa na mteja mbele yangu tunavutana juu ya tairi za mkono wa pili, nilikuwa nakaribia kushinda, na lile neno la Makame lilikuwa linachekesha kweli. Nikacheka, nikasema haya, malizia, tutaonana Ijumaa.

Alhamisi ilizima Kitogani, ina wageni wanne na mabegi yao. Wageni walipakiwa gari ya mtu mwengine wamechelewa. Ndege haikuwangoja. Makame akaletwa hapa akivutwa na lori, ameketi mwenyewe kwenye usukani wa gari iliyokufa, anaikata kona kwa uangalifu kama inayokwenda kwa nguvu zake.

Injini haikuzunguka. Tuliingojea ipoe, safari hii tulikuwa na wakati. Nikaitoa hedi kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwachia mtu. Gasketi ilikuwa imeungua baina ya silinda ya pili na ya tatu, hedi imepinda na kupasuka, pistoni mbili zimeng'ang'ania kwenye kuta za silinda. Kichwa cha pistoni ya tatu kilikuwa kimeoshwa na mvuke, kinang'aa kama sahani ya harusi. Ndiyo pistoni safi kuliko zote nilizowahi kuziona. Yule chui aliahidi kusafisha.

Makame alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, kofia amepakata. Hakuna aliyekuwa akigonga kitu gerejini. Akaniuliza kama atapona. Nikamwambia hapana. Akainuka, akaenda mlangoni kwa gari, akafungua kisanduku cha deshibodi, akarudi na chupa moja ambayo haijafunguliwa.

"Sita nshampa," akasema. "Hii ya mwisho ilikuwa ya leo. Labda ningeitia jana."

Alidhani kosa ni lake. Alidhani amechelewesha dozi. Nikamwambia isingefaa kitu, hata angetia katoni. Akaniuliza nimejua lini kuwa haifai. Ningeweza kuongopa, biashara yangu yote nimeishi kwa maneno. Nikamwambia: zamani.

"Sasa zile saba?"

"Ulikuwa utani, shemegi."

Aliigeuza chupa mkononi. Kisha akaiweka juu ya benchi langu, taratibu, chui ananitazama.

"Mtu hatanii na aliyekuja na mgonjwa, fundi," akasema.

Hakunyanyua sauti. Aliondoka kwa miguu kuelekea sokoni, akapate gari ya kumrudisha shamba. Na mimi nilikuwa nimesimama na hedi mkononi, nikihesabu neno la mwisho. Miaka yote ile hajawahi kuniita fundi.

Nilimwambia nitamtafutia injini nyengine. Akanijibu, kwa kinywa cha dada yake, kuwa anashukuru. Gari hakuniachia, akaiuza kwa wanaonunua vyuma. Hoteli ilishaita dereva mwengine; yeye wakamrudisha bustanini, anakata majani pale pale zinaposimama gari za wenziwe. Binti yake akakaa nyumbani muhula mmoja, kisha wa pili, kisha ikawa haulizwi tena. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Alipunguza maneno tu, kama mtu anayepunguza sukari.

Na Makame akaanza kuniamkia. Ninapokwenda Makunduchi, kwa mazishi, kwa harusi, kwa Idi, kabla sijafungua mdomo yeye keshaniwahi: "Shikamoo, fundi." Mtu aliyenizidi miaka miwili, kaka wa mke wangu. Kwa heshima zote, mkono kifuani. Mara ya kwanza watu walidhani anatania. Mimi nilimtazama usoni nikajua. Nami ningefanya nini? Kuitika marahaba ni kukubali ukubwa nisio nao, kunyamaza ni kumtukana mbele za watu. Naitika kwa sauti ndogo, na naona haya kwa kila herufi yake.

Basi jibu lenu hili hapa, mlishike. Injini nzima, inayotiwa petroli safi na kubadilishwa oili kwa wakati wake, haihitaji dawa, na ukiitia hutaiona tofauti isipokuwa uwe umekwisha kuilipia. Injini yenye nozeli chafu huenda ikasaidika kwa dawa nzuri, mara moja moja. Injini mbovu, iliyochoka ringi, iliyoungua gasketi, iliyolegea vali, haina chupa. Nilikuwa nikisema haidhuru. Inadhuru. Hata kama ndani ya chupa mna maji matupu, inadhuru, kwa sababu mwenye gari akishatia dawa huacha kutafuta ugonjwa. Na fundi pia.

Ile chupa ya saba nimewaachia, ipo rafuni juu ya sanduku la spana. Sijaifungua. Mteja akija kudai dawa mpeni aishike, aisome atakavyo, kichwa juu au chini, na wakati anaisoma ingojeeni rejeta ipoe, muufungue mfuniko. Chupa irudi rafuni. Nitakuwa nakuja kuihesabu.

Jumapili mimi na mke wangu tulikwenda Makunduchi. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Nilisema safari hii nitamuwahi, na nilimuwahi kweli, nikatoa shikamoo tangu nje ya uzio, mlango wenyewe haujafunguliwa vizuri. Akatoka. Amekonda, mikono imechubuka kwa mashine ya kukatia majani. Hakuitika. Akanipa mkono, akasema, "Shikamoo, fundi."

"Mie si fundi tena, shemegi," nikamwambia. "Nimestaafu. Spana nimezikabidhi."

Akanitazama, nadhani ni mara ya kwanza tangu siku ile ya hedi kunitazama kwa muda unaohesabika.

"Basi umemaliza dozi," akasema. Akageuka, akaingia ndani kututolea chai.

Maneno matatu. Nimeyahesabu mara mbili, na mara zote mbili sikuweza kujua kama ni utani umerudi au ni hukumu imesomwa. Chai ilikuwa kali, haina sukari. Niliinywa mpaka majani.